Neno Lililoletwa Sandukuni

Saa ni tisa alasiri. Ilikuwa tisa jana, na kama kuna siku inayoitwa kesho, itaikuta tisa imekaa pale pale, imekunja miguu, haina haraka na mtu. Usiniulize tisa ya lini. Humu mjini mtu akikaa sana ndani ya saa moja, umri wake huanza kutembea wenyewe bila yeye. Asubuhi (tunaiita asubuhi kwa mazoea tu) niliamka nina miaka ishirini na miwili. Nilipofika kazini nilikuwa na sitini, na nikashika ukuta kupanda ngazi. Nikipiga chafya narudi kumi na minne. Jua limesimama juu ya makaburi kama mgeni aliyekaribishwa chakula kisichoiva: haondoki, hasemi kitu, anatazama sufuria.

Chanzo ni kicheko. Kimoja tu, wala si cha bei.

Mkuu wa Kwanza alikufa, kama wafavyo hata wale waliotuambia hawatakufa. Wakambeba mpaka kaburini. Jeneza likiwa limeshushwa nusu kwa kamba, bibi mmoja mwembamba anayeitwa Sikudhani akacheka. Si kile cha kuficha mdomo kwa upindo wa kanga. Alicheka hadi wachimbaji wakaachia majembe. Mwana wa marehemu, ambaye kofia ya baba ilimfika kichwani kabla udongo haujamfika baba, akainua mkono akasema, "Simamisha!" Alikusudia kicheko. Kikasimama kila kitu: majembe hewani, kamba, jeneza, kivuli cha jeneza, na saa. Marehemu mpaka sasa ananing'inia pale, nusu kwetu nusu kwao, hajazikwa wala hajafufuka, na wapita njia wanamwamkia kwa sababu hakuna aliyetuambia tuache.

Sasa wewe uliyekulia mahali ambapo msibani watu hulia tu, ngoja nikufundishe, maana naona unakunja uso. Watu wa Jiwe na Watu wa Maji ni watani. Akifa wa Maji, wa Jiwe huja na maneno machafu mdomoni. Huvaa koti la marehemu. Huiga mwendo wake, kikohozi chake, na namna alivyokuwa akijifanya amelala mgeni akija. Huingia kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Na mfiwa anameza. Anatoa kuku, anafuta machozi, anacheka. Akikasirika, amekata utani. Aliyekata utani, siku yake ikifika hatakuwa na wa kumcheka, na asiyechekwa haendi popote. Huzungukazunguka majumbani akisogeza vikombe.

Mkuu ni mtu wa Maji. Bibi Sikudhani ni wa Jiwe. Umeshaelewa? Alikuwa kazini yule bibi! Lakini mwana wa marehemu alisomea mbali, akarudi na suti tatu na masikio mapya, na masikio hayo yakasikia tusi mahali ambapo masikio ya zamani yangesikia heshima. Akakasirika na mtani wake mbele ya maiti. Hakuna kosa kubwa kuliko hilo kwetu, na alilifanya huku amesimama wima, kidevu juu, akidhani anaheshimiwa.

Mimi ni Chilumba, karani wa kadi katika Jumba la Maneno. Ni mtu wa Maji pia, ukoo mmoja na Mkuu, ila wa tawi lile ambalo kwenye sherehe hupewa sahani za plastiki na kuambiwa likae upande wa moshi. Sikutaka kuwemo katika habari hii. Niliingizwa na sheria, na sheria yetu ni hii: hahukumiwi mtu kwa neno lisilo na kadi. Kadi ina mistari mitatu. Kwanza Matumizi, kisha Maana, mwisho Mashahidi. Matumizi hutangulia, kwa sababu mtoto hapewi jina kabla hajalia. Tena hayatungwi: lazima yawe jambo lililotendeka ndani ya Jumba hili, likasikiwa na watu wawili, likaandikwa kama lilivyo, kwa wino wa zambarau ambao haufutiki hata ukiulilia. Na mtu akishtakiwa, askari husoma shtaka kwa kutaja ile maana iliyo kwenye kadi, neno kwa neno. Yote haya aliyaweka Mkuu wa Kwanza, huyo anayening'inia. Alikuwa na utani wake yule mzee.

Mkuu mpya aliamuru koo la Bibi Sikudhani lizibwe. Kizibo kilishachongwa kwa mti wa mpera, laini, kwa kipimo. Ilibaki kosa tu. Tukatafuta kadi ya "cheka". Matumizi: *Mkuu alicheka aliposikia amepata mtoto wa kiume.* Hilo haliwezi kumfunga mtu. Tukatafuta "kebehi", tukakuta aliyeitumia ni hakimu mwenyewe. Tukatafuta "dhihaka", kadi imeliwa na mende, amebakiza shahidi mmoja. Kila neno letu la kucheka lilikuwa limeshacheka na wakubwa, limekula nao, limekaa nao barazani. Halikubali kumuuma mtu mdogo.

Basi wakaagiza neno kutoka nje.

Lilikuja kwenye sanduku lililopigiliwa misumari pande zote, limelazwa juu ya nyasi kavu kama sahani za udongo. Msajili Nampunju, mkubwa wangu wa kazi, mzee ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kusaini kitu asichokisikia kwa masikio yake, aliling'oa kwa koleo. Neno la Kiingereza: *cackle*. Ukilitamka unakuwa kama mtu aliyepaliwa na kipande cha muhogo mkavu.

"Limekuja na karatasi ya maelezo," Msajili akasema. "Soma, Chilumba. Wewe ndiye mwenye macho."

"Leo nina miaka sitini, mzee. Macho yamebaki nyumbani."

"Piga chafya, usome."

Nikapiga chafya, nikasoma. Karatasi ilisema neno hilo ni sauti ya kuku aliyekwisha kutaga. Pia ni kicheko kikali, kikavu, cha kukwaruza. Chini yake kulikuwa na mifano. Mchawi alifanya hivyo juu ya chungu chake. Kikongwe alifanya hivyo gizani. Wanawake watatu walifanya hivyo nyuma ya mlango. Nikageuza karatasi nikitafuta mwanamume aliyewahi kufanya hivyo. Hakuna. Nikamtafuta jenerali, tajiri, mume wa mtu, hata mlevi mmoja wa kiume. Wapi! Wao katika mistari ya jirani walikuwa wanacheka tu, cheko safi, mikono tumboni.

Hapo ndipo swali liliponiingia, na tangu liingie halijatoka, limekaa kama mwiba wa samaki. Je, kicheko ni mali ya koo au ni mali ya sikio? Nilimsikia mama mmoja sokoni akicheka; aliyempenda alisema anaimba, aliyemdai penzi alisema anabweka. Koo lilikuwa moja. Hewa ilikuwa moja. Sasa nani aliyetengeneza ile sauti? Na kama ni sikio ndilo linalotengeneza, basi sisi wenye makoo tunafanya nini hapa duniani ila kupuliza upepo kuelekea kwenye milango ya watu, wao ndani wakaamua kama ni salamu au ni mwizi? Neno hili lililotoka sandukuni halikuwa jina la kicheko hata kidogo. Lilikuwa jina la chuki ya msikilizaji, likavikwa koo la bibi kama kanga ya kuazima. Lilikuja na hatia ndani yake tayari, kama mbegu ndani ya papai. Hukuzipanda wewe, unakata tu unazikuta.

Nilimwambia Msajili hayo yote. Akanitazama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kachukue kadi tupu."

*

Bibi Sikudhani alikuwa amefungiwa katika chumba cha maneno yaliyokufa. Ni chumba kidogo, kadi mpaka darini, harufu ya karatasi na panya. Alikuwa amekaa juu ya rundo la majina ya mboga ambazo hazioti tena. Nilimkuta anajipepea kwa kadi moja.

"Shikamoo, mtani," nikasema.

"Marahaba ya nini? Umekuja kunizika? Mbona hujaleta kuku, mla kambare wee?"

"Kuku wetu ni wa watu. Watu wa Jiwe hawajui kuku, wanachemsha kokoto, wanasubiri mchuzi."

"Afadhali kokoto, zinakaa tumboni. Nyie Watu wa Maji mkila mnavuja. Angalia miguu hiyo! Karani gani ana miguu ya korongo? Ukikaa kwenye kiti, kiti kinaona aibu."

"Bibi, wanataka kukuziba koo."

"Nimeambiwa."

"Kizibo kiko tayari. Nimekiona. Wanasubiri kadi yangu tu."

"Kinafananaje?"

"Cha mpera. Kizuri, kimepigwa msasa."

"Hee! Kumbe nathaminiwa." Akaendelea kujipepea. Halafu akaacha. Nikaona kidole chake kimekwenda kwenye koo, kikagusa pale penye shimo dogo, kikatulia hapo, kama mtu anayegusa mlango wa nyumba yake usiku wa kuhama. Basi nikajua anaogopa. Utani wote ulinitoka.

Nikamwambia mpango wangu. Ndani ya Jumba angetakiwa acheke ili niandike Matumizi. Asicheke. Akohoe. Mimi nitaandika *Bibi Sikudhani alikohoa*, Msajili atasaini kwa kuwa atakuwa amesikia kikohozi, na neno litakufa kifo cha mafua. "Utasema hata pale kaburini ulikohoa tu. Vumbi lilikuingia. Unaondoka na koo lako, jua linatua, na sisi tunapata chakula cha jioni, maana tangu siku ile tunakula cha mchana tu."

Alinitazama muda mrefu. Muda gani sijui. Saa ilikuwa tisa.

"Chilumba, mimi na huyo mnayemwita Mkuu wa Kwanza tulichunga mbuzi pamoja kabla hajawa wa kwanza kwa lolote. Alikuwa wa mwisho kwa mbio, wa mwisho kwa kuogelea, na yeye ni wa Maji, aibu! Nilimcheka miaka sitini. Alipopata kiti, watu wote wakaacha kumcheka siku hiyo hiyo. Siku moja. Wakageuka kama mwavuli kwenye upepo. Nikabaki mimi. Akawa anakuja mlangoni kwangu, askari anawaacha barabarani, ananiambia, 'Mtani, nicheke kidogo, nasahau sura yangu.' Na mwezi aliougua akanishika mkono akasema, 'Siku yangu usinilie. Watakaokodiwa kulia wapo. Wewe nicheke hadi wachimbaji waangushe majembe.' Sasa wewe unaniambia niseme nilikohoa?"

"Watakuziba, Bibi."

"Wazibe. Lakini nilicheka. Hilo hawalitoi, hata walipelekee koleo."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia ni mbishi, ni kichwa jiwe, na ukoo wao wote ni wabishi, wanazaliwa wanagoma kutoka. Nilimtukana kwa ile ruhusa ya utani lakini safari hii sikuwa nacheza, na yeye alijua.

"Haya, ndiyo," akasema taratibu. "Hasira yako nzuri. Ina mapenzi. Ile ya mwenye kofia ndiyo mbaya, ina masikio tu."

*

Wakatuita.

Ukumbi wa Jumba la Maneno una viti vinne na kengele. Mkuu alikaa kwenye kiti cha kwanza. Alikuwa ameziba masikio kwa pamba, maana alidai kicheko cha kaburini bado kinamtembea humo, akilala kinaamka, akiamka kinaketi. Kofia ya baba ilimfika kwenye nyusi. Kila akiinama ilimfunika macho, na kwa muda mfupi, hapo chini ya ukingo, kidevu kilikuwa cha marehemu kabisa, mpaka mtu unataka kumpa pole kwa kufa. Kisha anainua kichwa, anarudi kuwa yeye. Mezani mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na kizibo.

Msajili akakaa upande wa mashahidi. Mimi nikashika kalamu. Bibi akasimama katikati, askari mmoja nyuma yake.

Mkuu akatoa pamba. "Acheke," akasema.

Bibi akarekebisha kanga yake.

"Cheka, mama," askari akanong'ona.

"Nimcheke nani? Nyie bado wazima. Mkifa niiteni."

Mkuu akasogeza kizibo kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza. Bibi akakitazama.

"Kikubwa hicho. Mmepima koo la nani, la ng'ombe?"

Mkuu akamwagiza askari amtekenye kwa unyoya. Askari akatekenya shingo, akatekenya nyayo, akatoka jasho. Bibi akasimama kama nguzo ya umeme. Mkuu akaona aibu ya kungoja, akaamua kumchekesha mwenyewe. Akasimulia kisa cha mtu aliyempeleka punda benki. Alikisimulia vibaya, akatanguliza mwisho, akarudi mwanzo, akamsahau punda. Sisi watatu tulicheka kwa adabu, mara tatu, kama tulivyofundishwa. Bibi hakucheka. Ukimya wake ulikaa ukumbini kama mtu wa sita.

Humo ndani ya ukimya nilikaa miaka kadhaa. Niliona kalamu yangu ikikauka. Nikafikiri: huyu Mkuu hana kicheko chake. Huyu ana cha kutawala, ana cha picha, lakini kile cha bure hana. Ndiyo maana anakitafuta kwenye koo la mwenzake ili akizibe, kama mtoto asiye na mpira anayetoboa mpira wa jirani. Je, mamlaka ni nini ila sikio kubwa lisilo na koo? Nikafikiri pia: Chilumba, funga mdomo wa ndani, unasikika usoni.

"Bibi," Mkuu akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua unene, "usipocheka sasa hivi nitakuziba bila kadi."

Msajili akakohoa. "Haiwezekani, Mkuu. Baba yako..."

"Najua baba yangu alisema nini!"

"Hujui," Bibi akasema.

Akapiga hatua moja mbele. Na hapo mgongo wake ukajikunja kidogo, mkono ukaenda kiunoni, kidevu kikajitokeza, na ghafla aliyesimama mbele yetu alikuwa marehemu, mzima mzima, na kile kikohozi chake cha kabla ya kusema uongo. Alikuwa anafanya kazi yake ya utani, pale pale, mbele ya kizibo.

"Nilimwambia babako," akasema kwa sauti ya marehemu, kisha kwa yake, "nikamwambia, mtani, huyu mwanao ana masikio kama majani ya magimbi na hasikii kitu. Akaniambia, 'Ngoja nife. Siku hiyo mchokoze. Akikasirika, nenda kamuulize mama yake vizuri, maana huyo si wangu.'"

Askari akaficha unyoya nyuma ya mgongo.

"Na hiyo kofia, mwanangu. Imekukaa kama sufuria juu ya yai."

Nikamwona Mkuu akipanda rangi, shingo, mashavu, masikio. Nikaona mkono wake ukikikamata kizibo. Halafu nikaona jambo ambalo sikulitegemea: alikumbuka. Nadhani alikumbuka, kwa kuchelewa kama mtu anayekumbuka chungu jikoni anaposikia harufu. Kwetu, mtu wa Maji akikasirishwa na wa Jiwe mbele ya mashahidi, ameshakuwa mtoto wa nje kwa mdomo wake mwenyewe. Ikabidi asikasirike. Ikabidi, mbele yetu, hapo hapo, aonyeshe kwamba hakukasirika.

Akacheka.

Mungu anisamehe, sijawahi kusikia kitu kama kile. Kilianzia puani, kikakwama, kikashuka kifuani, kikakuta kumejaa, kikapanda kwa nguvu na kutoka kikavu kama bati linaloburutwa kwenye changarawe. Kaa! Kaa-kaa-kaa! Macho hayakucheka. Mikono haikucheka, ilikuwa imeshika kizibo. Kuku akishataga hutetea hivyo, ila kuku ana yai la kuonyesha.

Kilipokwisha, kengele ilikuwa bado inatetemeka.

Nami mkono wangu, nakuapia, ulikuwa umeshaandika. Matumizi: *Saa tisa alasiri, ukumbini, Mkuu alicheka hivyo baada ya kuambiwa kofia yake inafanana na sufuria.*

Nikamsogezea Msajili. Alisoma. Jasho lilimdondoka kwenye ncha ya pua. Miaka thelathini ya saini ilipigana na miaka sitini ya uoga, nikaiona vita hiyo mkononi mwake, mishipa ikiinuka na kulala. Hakunitazama. Hakumtazama Mkuu.

"Nilisikia," akasema, kama mtu anayeungama. Akasaini kama shahidi wa kwanza. Mimi nikasaini wa pili.

Mkuu alinyakua kadi. "Mmeandika nini? Mimi? Futa!"

"Wino haufutiki, Mkuu."

"Chana!"

"Ikichanika, neno halina kadi," Msajili akasema, akiwa ameinama. "Na Bibi hana shtaka."

"Kwa hiyo mnataka nizibwe mimi?" Akaruka juu. Kofia ikamfunika macho, akaipiga kofi. "Mimi? Nilikuwa nacheka kawaida! Nilichokozwa, nikavumilia, nikacheka kiungwana. Kila mtu ameona. Wewe askari, umeona?"

"Nimeona, Mkuu. Kiungwana kabisa."

"Basi andikeni hivyo!"

Msajili, bila ujanja wowote, na hilo naliapia pia, akasema, "Mstari wa Maana bado uko wazi."

"Andika," Mkuu akaniamuru, akinielekezea kizibo usoni. "Maana. Neno hili ni... ni sauti ya muungwana aliyechokozwa asikasirike. Weka na heshima. Ni sauti ya heshima ya muungwana aliyechokozwa asikasirike. Nukta."

Nikaandika. Niliandika polepole, kwa mwandiko mzuri wa mashairi ya harusi. Msajili akagonga kengele mara tatu. Neno likawa letu.

"Sasa," Mkuu akasema, akifuta uso, "msomee huyu kikongwe shtaka lake, azibwe, nikazike baba yangu."

Askari akachukua kadi na karatasi ya mashtaka. Akakohoa kusafisha koo, akasoma kama sheria inavyotaka, neno likiachwa na maana ikitajwa mahali pake: "Bibi Sikudhani wa Watu wa Jiwe anashtakiwa kwamba, saa tisa alasiri, kaburini, mbele ya maiti na watu, alitoa kwa makusudi sauti ya heshima ya muungwana aliyechokozwa asi..."

Akasogeza kadi karibu na macho.

"Endelea," Mkuu akasema.

"Asikasirike, Mkuu."

Kizibo kilimponyoka Mkuu, kikagonga sakafu, kikaviringika taratibu mpaka kwenye kidole cha mguu cha Bibi. Akakiokota. Akakipima kwa macho, akakitia ndani ya pindo la kanga.

"Asante. Nina chupa ya asali nyumbani haina kifuniko." Akageukia mlango. Pale mlangoni akasimama. "Mtani. Kuku wangu yuko wapi?"

Ilikuwa nafasi ya Mkuu. Kila kitu kilikuwa kimesimama kumngoja yeye tena, safari hii kwa hisani. Angesema tu, "Utapewa, mchawi wee," angekuwa ameunga kile alichokikata, na siku yake angepata wa kumcheka. Nilimwona akifungua mdomo. Nikamwombea, kwa jina la ukoo wetu.

"Toka," akasema Mkuu.

Bibi akatikisa kichwa. Sikuona ushindi usoni kwake. Niliona mtu anayetazama nyumba ya rafiki yake ikiungua akiwa mbali, hana ndoo. "Pole, mwanangu," akasema. "Utasogeza vikombe vya watu sana." Akaenda zake kuelekea makaburini.

*

Hayo ndiyo yaliyonileta kwenye kiti hiki.

Sanduku la pili lilifika kabla ya wino kukauka. Nadhani liliagizwa pamoja na la kwanza, wakubwa hawanunui kitu kimoja. Ndani yake mna neno dogo, jembamba, la kicheko cha mdomo uliofungwa, kile ambacho karani hukifanya anapoandika kwa mwandiko mzuri. Mkuu anasema alikiona usoni kwangu. Kadi haina matumizi bado. Kwa hiyo nimekalishwa ukumbini, Msajili upande wa mashahidi, mzee wa watu hathubutu kunitazama, na sikio la askari liko inchi moja kutoka mdomoni mwangu. Kizibo kipya kiko mezani, cha kipimo changu. Wananingoja. Mkuu anarudia kisa cha punda.

Sichekeshwi na kisa. Kisa hakina hatari. Ila dirisha liko wazi, na kutoka makaburini imefika sauti, ile yenyewe, ya bibi mwembamba aliyeshikilia ahadi, inapanda juu ya paa, inashuka kwenye ngazi, inaingia bila hodi. Kisha majembe yakianguka: moja, la pili, la tatu. Kisha kamba ikilegea. Kisha kishindo cha udongo wa kwanza juu ya mbao, na Mkuu anajaza pamba masikioni kwa mikono miwili, kofia imemfunika uso wote, hamziki yeye baba yake, anazikiwa.

Nje, jua limesogea. Kivuli cha dirisha kimefika kwenye kiatu changu. Nina miaka ishirini na miwili, na mbavu zangu zinauma kama za mtu aliyebeba gunia. Nimeuma ulimi mpaka nimeonja chumvi. Sikio la askari linanisogelea. Lina joto.

Saa ni kumi.

Sijacheka.

Bado.